Za Njano Zimeiva

Majengo, Nyeri
11 Machi 1968

Mama Kahiga,

Nakusalimu wewe na kijana wako. Mwili wangu ni mzima ila moyo umechafuka, kwa hiyo utanisamehe nikiingia kwenye shida moja kwa moja.

Lile shamba la Mweiga tulilofanyia kazi wote limeuzwa. Memsabu amekwenda kwao Ulaya. Bwana mpya, Mwafrika mwenzetu, hataki bustani, anataka ng'ombe wa maziwa mpaka kwenye kibaraza. Amenipa siku tatu niondoe "hivyo vichaka vyako". Vichaka! Basi nimeng'oa rasiberi, yale matunda madogo ya vichaka vya miiba, aina zote tatu na jana nimezipakia kwenye basi la Kutus, zishuke hapo uletewe Kerugoya. Gunia lenye kitambaa chekundu ni za rangi nyekundu. Lenye kitambaa cha njano ni za njano. Lenye kamba nyeusi ni nyeusi. Usizichanganye. Narudia, usizichanganye.

Nakutwika mzigo huu kwa sababu sina pengine pa kuupeleka. Hapa Majengo nina chumba kimoja na madebe mawili ya mchicha. Ardhi ilipokuwa ikigawanywa, sisi Waislamu wa mjini hakuna aliyetuita. Wewe una ekari tatu. Mimi mwenyewe siwezi kuja, nyonga yangu haikubali basi tangu nilipoanguka kwenye ngazi nikichuma plamu za watu.

Wewe ulikuwa yaya ndani ya nyumba, labda hukujua ya bustanini. Miaka kumi na mmoja nilizikuza rasiberi hizo, na kila mwaka Memsabu alikwenda kwenye Maonyesho ya Nyeri na sahani tatu, nyekundu, njano na nyeusi, akarudi na kadi ya zawadi yenye jina lake. Mimi nilimbebea sahani. Sasa nataka Septemba ya mwakani kadi iandikwe jina langu. Nina miaka hamsini na saba na hakuna karatasi duniani inayosema nimewahi kukuza kitu. Nisaidie.

Ni mimi,
Othmani bin Salim

Kerugoya
2 Aprili 1968

Mzee Othmani,

Magunia yamefika. Utingo wa basi naye amefika, mikono imechanika kwa miiba, na amenipa salamu nikufikishie ambazo mimi mtu wa kanisa siwezi kuziandika.

Nilizipanda katikati ya mistari ya kahawa, kwa sababu hapo ndipo kuna udongo mzuri. Siku ya pili shemeji yangu Moffat akaja. Huyu ni ndugu ya marehemu mume wangu, tena yuko kwenye kamati ya ushirika wa kahawa, na hajui kupita bila kukagua. Akasimama hapo na koti lake la mikutano. "Mama Kahiga, kwa kahawa hakuna kuchanganya na kitu ingine. Sheria iko." Basi nimeng'oa zote nikapanda tena nyuma ya jiko, mistari mitatu.

Majirani wanacheka mpaka wanashika mbavu. Watiri aliegemea ua wangu asubuhi nzima. "Ati unapanda ndare? Si hizo nyani hukula bure huko msituni?" Nimemwambia hizi ni ndare za Maonyesho. Akacheka zaidi. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha baiskeli pale Mweiga wakati wengine wote walisema mwanamke hawezi, kwa hiyo acha wacheke.

Kagure wa Mutahi

Majengo, Nyeri
20 Aprili 1968

Mama Kahiga,

Umepanda, ukang'oa, ukapanda tena. Ile ni mizizi, mama, si viazi vya kufukua uone kama vimeiva!

Haya, yamepita. Sasa usizing'oe hata akija chifu mwenyewe. Simamisha nguzo mbili kila mwisho wa mstari na uvute waya mbili, moja kiunoni na nyingine begani, ufungie fito hapo zisilale chini. Tandika nyasi kavu. Samadi iwe ya zamani. Ukiweka mbichi utaziunguza. Fito za mwaka huu hazitazaa sana, usikate tamaa. Zitakuja kuzaa mwakani.

Na mwambie Watiri nyani hawajawahi kupata kadi.

Othmani

Kerugoya
9 Februari 1969

Mzee Othmani,

Zimezaa!

Nyekundu zimejaa mpaka waya umelegea. Kahiga anakula hadi shati limebadilika rangi na mwalimu wake amelalamika.

Nyeusi nazo zilizaa, ila kwa bahati mbaya zote zikawa mbuni. Unajua mbuni, ile kahawa inayochelewa mtini ikawa nyeusi, kiwandani wanaitupa pembeni. Nilizichuma zote nikawamwagia kuku, zisiniharibie nyingine.

Zinazonisumbua ni za njano. Zilifika njano zikasimama papo hapo. Kila asubuhi nakwenda kuangalia, hazigeuki. Nyingine zinaanguka vivyo hivyo bila kuiva na kuoza chini. Nimewakataza watoto wasiguse hata moja mpaka ziwe nyekundu. Moffat anasema udongo wa nyuma ya jiko una majivu mengi ndiyo sababu. Lakini usiwe na wasiwasi. Miaka kumi nachuma kahawa na karani wa kiwanda hajawahi kunirudishia kikapu hata siku moja. Hakuna ya njano itakayopita mkononi mwangu.

Kagure

Majengo, Nyeri
14 Februari 1969

Mama Kahiga,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, nikaomba maji.

ZA NJANO ZIMEIVA. Ziliiva zamani. Hazitakuwa nyekundu leo wala kesho wala siku ya kiama, kwa sababu njano ndiyo rangi yake. Nyeusi ndiyo rangi ya zile nyeusi. Umewalisha kuku zawadi ya kwanza ya Mkoa wa Kati! Hukuonja hata moja? Kweli mtu anamwaga kikapu kizima cha matunda bila kuonja hata moja?

Nimekasirika, halafu nimekumbuka kwamba ninyi wa ndani ya nyumba mlikatazwa kukanyaga bustani ile, na jamu mliiona mezani tu ikienda kwa wengine. Kwa hiyo nusu ya kosa ni yangu. Nusu tu.

Sikiliza. Hii si kahawa. Usichume kwa macho. Shika tunda kwa vidole viwili, livute polepole. Likiachia na kubakiza kiini cheupe kwenye kikonyo, limeiva, hata liwe na rangi gani. Likikataa, liache mpaka kesho. Niandikie haraka uniambie za njano zimebaki ngapi. Nyekundu kila mtu anazo, na nyeusi hata kule juu Naro Moru utazikuta. Zile za njano nilizitoa kwenye mbegu mimi mwenyewe, nikatupa miche tisini nikabakiza mmoja. Hazipo kwingine.

Othmani

Kerugoya
3 Machi 1969

Mzee Othmani,

Nimesoma nimeelewa. Za njano ni salama. Mvua bado.

Kagure

Majengo, Nyeri
10 Mei 1969

Mama Kahiga,

Tangu nikujue hujawahi kuniandikia barua ya mstari mmoja. Hata ile ya kunipa habari ya msiba wa marehemu Mutahi ilikuwa kurasa nne. Nimeandika mara mbili tangu Machi na hujajibu. Za njano zina urefu gani? Zina maua? Nijibu kama mtu mzima.

Kuna jambo lingine, na hili ni kubwa. Nimejaza karatasi ya Maonyesho. Mahali pa kuandika shamba lilipo nikaandika Kerugoya, kwa Kagure wa Mutahi. Wameirudisha. Karani wao, kijana ambaye bado ananuka chaki, aliniambia dirishani, "Mzee, kama huna shamba, hii matunda si yako. Ni ya mwenye shamba." Nilimweleza nikachoka. Mwisho akasema niwe na barua kutoka kwa mwenye shamba.

Basi naomba uniandikie barua fupi kwamba mistari ile mitatu nyuma ya jiko ni yangu. Sema ni sehemu yangu. Hakuna atakayekuja kuipima. Ni karatasi tu ya kumridhisha yule mtoto. Mwisho wa kupokea ni mwisho wa Agosti.

Othmani

Kerugoya
25 Mei 1969

Mzee Othmani,

Barua hiyo siwezi kuiandika, na nashangaa kwamba umeniomba.

Wewe unaona karatasi tu. Mimi ni mjane. Ekari hizi tatu ziliandikwa jina la marehemu na mpaka leo hazijahamishwa kuja kwangu, wala kwa Kahiga. Moffat anangoja. Kila mkutano wa ukoo anauliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama mwanamke peke yake ataweza. Halafu nitoe karatasi nimeandika kwa mkono wangu kwamba sehemu ya shamba la Mutahi ni ya mwanamume wa Majengo? Watasema nimeuza. Wengine watasema nimeolewa. Jioni hiyo hiyo karatasi iko kwa chifu na mimi na mtoto tuko barabarani. Na wewe utakuwa na kadi yako ukutani.

Na kwa kuwa tumeanza kusema ukweli, acha niumalize. Za njano nilizikata. Barua yako ilinikuta nimeshazikata siku mbili nyuma. Moffat alisema mti usioivisha unakatwa chini kabisa kama kahawa iliyozeeka, nami nikaona ana akili. Nilipolisoma neno lako kwamba hazipo kwingine nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kama mtoto. Ndiyo sababu ya mstari mmoja. Niliona aibu. Sasa zimechipua, fito saba, zimepita kiuno changu. Namwagilia asubuhi na jioni na sijakuambia kwa sababu sijui kama zitazaa kabla ya Septemba.

Ninachoweza ni hiki. Niache nizipeleke kwa jina langu. Wewe moyoni utajua ni zako, nami nitajua.

Kagure

Majengo, Nyeri
1 Juni 1969

Mama Kahiga,

Ya kukata nimekusamehe. Fito zikikatwa huchipua.

Hilo la pili siwezi. Mwaka wa nane pale Mweiga nilimuuliza Memsabu kama jina langu linaweza kuandikwa mahali popote kwenye kadi. Alinishika bega akasema, "Othmani, mimi na wewe tunajua." Ni maneno yako hayo hayo, na yeye pia alikuwa na roho nzuri, na yeye pia alikuwa na shamba.

Peleka kwa jina lolote unalotaka, fito ziko kwako. Usiniandikie tena habari za rasiberi.

Othmani bin Salim

Kerugoya
22 Septemba 1969

Mzee Othmani,

Umenikataza kuandika habari za rasiberi. Nimekaa miezi mitatu na nusu nikitii, na hiyo inatosha. Maonyesho yako hapo Nyeri, kutoka Majengo mtu anasikia mpaka ng'ombe wakilia, na hukuja! Siku nzima nilitazama kila kofia nyeupe iliyopita.

Sasa kaa nikuambie. Barua yako iliniuma sana. Sikulala vizuri, nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwa mchungaji. Julai nikaenda kwa wazee watatu wa ukoo nikawauliza, kuna njia gani mtu avune kwenye shamba ambalo si lake bila shamba kupotea? Wakanishangaa kwamba mimi mtu mzima nauliza jambo ambalo kila mtu analijua. Kwetu asiye na ardhi huenda kwa mwenye ardhi akaomba. Analeta asali au pombe, anaonyeshwa mahali, analima. Anachopanda ni chake. Udongo si wake, na akiambiwa aondoke anaondoka. Anaitwa muhoi, yaani mwombaji.

Nilijua wewe hutatengeneza pombe, kwa hiyo nikanunua chupa mbili za asali, nikawapelekea nikasema zimetoka kwako. Mungu anisamehe. Tukaandika karatasi: Othmani bin Salim wa Majengo ni muhoi wa Kagure wa Mutahi, mwenye shamba, na rasiberi zote nyuma ya jiko ni mali yake huyo Othmani. Wazee wakaweka dole gumba. Moffat akatia sahihi kama shahidi, tena kwa furaha, kwa sababu karatasi inasema hakuna mgeni aliyepata ardhi. Nikaipeleka Nyeri mwenyewe na kumwekea karani wako mezani, naye akakuandikisha kwa jina lako.

Ilikuwa ndani ya basi, siku ya Maonyesho, tumeshapita Karatina, Moffat alipoanza kuikariri ile karatasi kichwani. Ghafla akaniuliza, "Hapo imeandikwa mwenye shamba ni nani?" Nikamwambia, "Si uliweka sahihi?" Akageukia dirisha mpaka tukafika.

Lakini kabla ya kununa alikuwa ameshanimaliza. Alikuwa amebeba kikapu magotini. Za njano zilipatikana ishirini na tatu, Mzee, ishirini na tatu! Nilizichuma kwa vidole kama ulivyosema, nimefumba macho, Watiri akidhani nasali. Tulipofika nafunua kikapu naona sahani ya nyeusi imebaki na kumi na nne badala ya ishirini. Moffat akasema, "Ile mbuni nimetoa. Nimetupa dirishani. Ungeaibisha ukoo."

Basi tumekuwa wa pili. Jaji alisema za njano hajawahi kuona mfano wake, akala mbili. Kadi nimeiweka ndani ya bahasha hii. Isome yote kabla ya kukasirika. Karani amenakili ile karatasi neno kwa neno, nami nilimwomba afute mstari wa chini akakataa.

Kagure

Majengo, Nyeri
5 Oktoba 1969

Mama Kahiga,

Nilikuja. Nilisimama nje ya ua wa nyaya, upande wa mabanda ya kondoo, kwa sababu nilikuwa nimeapa sitaingia. Nikasikia kipaza sauti: matunda madogo, wa pili, Othmani bin Salim. Nikageuka kutazama ni Othmani gani huyo. Halafu kikaendelea: muhoi wa Kagure wa Mutahi. Watu wakacheka. Si wote, lakini walicheka. Nikarudi nyumbani na nyonga yangu.

Kwa hiyo wewe umeandikwa mwenye shamba, na mimi nimeandikwa mwombaji. Siku tatu nilikukasirikia kiasi kwamba mchicha wenyewe niliusahau ukanyauka. Asali hukuniuliza. Jina hilo hukuniuliza. Ungeniuliza ningekataa, na wewe ulijua ningekataa, ndiyo sababu hukuniuliza.

Moffat nitamshughulikia siku nikimwona. Sita nzima dirishani!

Jana nimeipeleka kadi kwa fundi wa fremu hapa barabara ya msikiti. Ni mtu mstaarabu. Aliisoma, akanitazama, akasema anaweza kuikunja kwa nyuma ule mstari wa chini usionekane, libaki jina langu peke yake na nambari ya pili. Nikamwambia akunje. Nilifika karibu na pampu ya petroli nikarudi mbio, mimi nisiyekimbia. Nikamwambia aukunjue. Yule Othmani wa Memsabu aliomba akashikwa bega tu, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwa popote. Huyu wa kwenye kadi ameomba, akapewa, na waliompa wameweka dole gumba.

Imetundikwa juu ya kitanda, inasomeka mpaka mwisho. Jumapili ukitoka kanisani nitakuwa hapo Kerugoya, nyonga itake isitake, na chupa mbili za asali yangu mwenyewe. Nataka mwenye shamba azipokee mkononi mwangu.

Muhoi wako,
Othmani bin Salim